Saa janja ilikuwa inafika kesho yake jioni, sasa inazima saa nane mchana. Je, ni betri?

Swali: Nina saa ya Samsung Galaxy Watch4, ile kubwa ya milimita 44, niliyoletewa na kaka yangu kutoka Dubai mwaka 2022. Siku zote nikiitoa kwenye chaja alfajiri inanifikisha kesho yake jioni. Sasa ni wiki ya tatu: naivaa saa kumi na mbili asubuhi ikiwa imejaa, ikifika saa nane mchana imezima na mimi bado niko darasani. Haijaanguka wala haijaingia maji. Fundi wa hapa Tanga anasema betri imekufa, anataka elfu themanini aibadilishe. Nimemwambia asubiri kwanza. Ni betri kweli, au ninunue nyingine tu? Mapigo ya moyo nayahitaji, kwa sababu natembea kila jioni kwa ushauri wa daktari. Nisisahau: mwezi huo huo nilibadilisha simu. (Mwalimu wa sekondari, Tanga)

Jibu: Mwalimu, umefanya vizuri kumwambia fundi asubiri. Betri ya saa yako imechoka, hilo silibishi, maana imechajiwa na kutumika tangu 2022. Lakini betri inayochoka haifanyi kama ulivyoeleza. Inapungua kidogo kidogo. Mwaka wa kwanza huoni kitu, wa pili unagundua kwamba jioni ya pili huifikii tena, baadaye unazoea kubeba chaja kila ukisafiri. Haitoki masaa 36 kwenda masaa 8 ndani ya wiki tatu.

Tufanye hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo itakayokuokolea hizo elfu themanini. Betri ya saa yako ina ujazo wa mAh 361, yaani miliampea 361 kwa muda wa saa moja. Samsung walipoitoa saa hiyo Agosti 2021 walisema inakaa hadi masaa 40. Gawa 361 kwa 40, utaona saa ilitarajiwa kutumia wastani wa miliampea 9 hivi. Wewe ulikuwa unapata masaa 36, yaani miliampea 10. Sasa tuseme betri imepoteza robo nzima ya uwezo wake, jambo la kawaida kwa umri huo, zikabaki mAh 270. Kwa matumizi yale yale ya miliampea 10 ungepata masaa 27. Ungelazimika kuichaji kila siku, ungelalamika, lakini ungemaliza vipindi vyote na matembezi ya jioni juu yake.

Badala yake unapata masaa 8. Chukua 270 ugawe kwa 8: karibu miliampea 34. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya saa kinachokula zaidi ya mara tatu ya kawaida, na kilianza wiki tatu zilizopita. Ukiweka betri mpya leo bila kukiondoa kitu hicho, 361 kwa 34 ni masaa kumi na nusu. Utakuwa umelipa ili saa izime saa kumi na nusu jioni badala ya saa nane mchana. Tenki la maji lililopungua ukubwa na bomba lililoachwa wazi yote mawili yatakukausha, ila la bomba halitibiwi kwa kununua tenki.

Fundi wako simlaumu. Anayekaa siku nzima mbele ya simu zenye betri zilizochoka, kila kifaa kinachoisha chaji mapema humjia na jibu hilo hilo, na mara nyingi huwa sahihi. Tatizo ni kwamba simu akiifungua na kuifunga hasara ni ndogo. Saa hii mgongo wake ndio umebeba sensa za mapigo ya moyo, zimeunganishwa na bodi ya ndani kwa utepe mwembamba sana. Ukivutwa vibaya wakati wa kufungua, unapata saa yenye betri mpya isiyosoma mapigo. Na mpira na gundi inayozuia maji ikishabanduliwa, ile ahadi ya kiwandani ya kuvumilia maji haipo tena. Ndiyo maana nataka tumalize kwanza kila kisichohitaji bisibisi.

Anza na kuizima na kuiwasha tena. Najua ni ushauri unaochosha, lakini kuna programu inayokwama nyuma ya pazia ikiendelea kuzungusha prosesa bila kukuonyesha chochote, na kuwasha upya huikata. Ukiona umepata siku nzima baada ya hapo, kisha tatizo likarudi baada ya siku mbili tatu, umepata habari ya maana sana: ni programu, na inakwama tena na tena.

Lisipotulia, siku moja ya kazi chukua karatasi uandike asilimia ya chaji kila kipindi kinapoisha. Usibadilishe mpangilio wowote siku hiyo. Ninachotaka kuona ni jinsi inavyoshuka. Ikishuka kwa mwendo mmoja, mathalani 100, 88, 76, 63, kuna kitu kinachokula wakati wote bila kupumzika. Ikishuka vizuri asubuhi kisha ikaporomoka kipindi fulani tu, tazama uko wapi saa hizo na unafanya nini: chumba kisicho na mtandao, simu uliyoiacha ofisini, mazoezi yaliyosahaulika bila kusimamishwa. Hilo la mazoezi hutokea zaidi ya watu wanavyodhani. Saa hii inaweza kutambua yenyewe kwamba unatembea na ikaanza kurekodi, na ukiwa umeruhusu itumie GPS, mwendo wa kutoka nyumbani hadi shuleni unakuwa mazoezi kamili.

Namna ya tatu ya kushuka ndiyo ya betri iliyokwisha kweli, na ni rahisi kuitambua ukiijua. Chaji inashuka taratibu hadi 40, halafu ghafla 15, halafu saa inazima. Unaiweka kwenye chaja, inawaka mara moja na kukuonyesha 30, kana kwamba dakika mbili zimejaza betri. Kinachotokea ni kwamba ukinzani wa ndani ya betri umepanda kwa uzee. Saa ikihitaji nguvu nyingi kwa mpigo mmoja, kuwasha skrini juani au kuanzisha GPS, volti zinaanguka chini ya kiwango, na saa inajizima kulinda kumbukumbu yake ingawa ndani ya betri bado kuna chaji. Ukiona hivyo mara kwa mara, acha kusoma hapa katikati, nenda moja kwa moja kwenye maelezo ya kubadilisha betri kule mwisho.

Baada ya karatasi hiyo, nataka vipimo viwili vya usiku. Hivi ndivyo vinavyotenganisha kosa la vifaa vya ndani na kosa la programu, na havigharimu shilingi.

Usiku wa kwanza, chaji hadi ijae, iache itulie nusu saa nje ya chaja, soma asilimia uiandike. Kisha telezesha skrini kutoka juu, bonyeza alama ya kuzima, uizime kabisa. Asubuhi iwashe usome tena. Kuwaka kwenyewe kunakula asilimia moja au mbili, kwa hiyo ukikuta 97 au 98 usiwe na wasiwasi. Ukikuta 85, basi umeme unavuja ndani ya saa iliyozimwa, na hakuna programu ya kulaumiwa. Hapo ni betri yenyewe, au ni unyevu uliofika kwenye bodi. Unasema haijaingia maji, lakini unaishi Tanga. Jasho, mvuke wa chumvi na mpira wa miaka mitatu vinatosha kupitisha kitu bila saa kuwahi kuzamishwa.

Usiku wa pili, ijaze tena, iweke kwenye hali ya ndegeni, zima Wi-Fi na Bluetooth kama bado zimewaka, uilaze mezani. Ikiwa haijavaliwa, sensa za moyo zinalala. Ikiwa mtandao umekatwa, hakuna cha kutafuta. Kwa saa ya aina hii, masaa manane ya namna hiyo hayapaswi kula zaidi ya asilimia tano au sita hivi, hata kwa betri iliyochoka. Ikifanya hivyo, betri na bodi yako ni wazima wa kutosha, na mwizi wako amejificha kwenye mawasiliano, kwenye taarifa zinazoingia au kwenye sensa. Ikishuka asilimia 30 hali imelala na haina mtandao, kuna programu ndani ya saa iliyokwama, na dawa yake nitaieleza.

Mimi naamini usiku wa kwanza na wa pili vyote vitakwenda salama. Naamini hivyo kwa sababu ya sentensi yako ya mwisho. Ulibadilisha simu.

Ukihamishia saa hii kwenye simu mpya, inaweza kufutwa na kuanza upya. Programu zinapakuliwa tena, mipangilio uliyoizima miaka mitatu iliyopita inarudi ilivyokuwa ikiwa mpya, na kila programu ya kwenye simu inapata ruhusa mpya ya kutuma taarifa mkononi mwako. Siku mbili tatu za mwanzo chaji kwenda haraka ni halali, saa inapakua na kupanga vitu vyake. Wiki tatu si halali.

La kwanza ninaloshuku ni simu yenyewe kuua programu ya saa. Simu nyingi za Android zinazouzwa kwetu zina mfumo mkali wa kuokoa betri: programu ambayo hujaifungua kwa muda inafungwa kimyakimya. Galaxy Wearable, ile programu inayoishikilia saa, huifungui hata mara moja kwa wiki, kwa hiyo simu inaiona haina kazi. Ikifungwa, saa inaweza kupoteza simu. Inaitafuta, inaipata, inaoanisha data upya, inapotea tena. Bluetooth ikiwa imeshikana vizuri inatumia umeme kidogo mno. Ikikatika, saa yako imeundwa iwashe Wi-Fi yenyewe ijaribu kufika kwenye intaneti kwa njia hiyo, na Wi-Fi ni mlaji mkubwa. Shuleni kwenu pengine hakuna Wi-Fi inayoijua, basi inabaki kutafuta. Saa inayotafuta mtandao usiokuwepo hula zaidi ya iliyounganishwa.

Dalili yake unaweza kuiona kwa macho. Tazama juu ya skrini ya saa mara kadhaa kwa siku: ukiona alama ya simu iliyokatwa mstari au ya kutounganishwa ilhali simu iko mfukoni mwako, ndiyo hiyo. Dalili nyingine ni ujumbe kukufikia mkononi kwa mafungu, kimya nusu saa kisha mitetemo kumi kwa mpigo.

Tiba yake inafanyika kwenye simu. Nenda kwenye mipangilio ya programu, tafuta Galaxy Wearable na ile programu ndogo inayoambatana nayo yenye jina la saa yako, kila moja iruhusu itumie betri bila kizuizi na ifanye kazi ikiwa nyuma. Fanya vivyo hivyo kwa Samsung Health. Baadhi ya simu zina programu ya ziada ya kusafisha kumbukumbu yenye orodha yake ya walioruhusiwa, ingia humo nako uziongeze. Kwenye orodha ya programu zilizofunguka hivi karibuni, simu nyingi zina alama ya kufuli: ifunge Galaxy Wearable kwa kufuli hiyo ili usiifute kwa mazoea ya kufagia kila kitu. Halafu kwenye saa, zima Wi-Fi kabisa, usiiache ijiamulie. Utaiwasha siku ya kusasisha.

Kama saa yako ni ile yenye laini ya ndani, kuna la kuongeza. Namba ya modeli iko nyuma ya saa: SM-R870 haina laini, SM-R875 inayo. Zilizoletwa kutoka Ghuba huwa za aina zote mbili. Ikiwa ni R875 na hukuwahi kuisajili kwa kampuni ya simu, mtandao wa simu uzime moja kwa moja kwenye mipangilio. Redio isiyo na mtandao wa kushika ni mzigo wa bure.

La pili ninaloshuku ni taarifa, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu watu wengi hawalihesabu kama matumizi. Simu ya zamani ulikuwa umeshanyamazisha vikundi vya WhatsApp kimoja kimoja kwa miaka. Simu mpya inaweza kuwa imeanza upya. Kikundi cha walimu, cha wazazi wa kidato cha pili, cha ukoo, cha kikoba, cha harusi ya mtoto wa jirani ambayo kamati yake inaposti michango usiku kucha. Kila ujumbe unaamsha saa, unazungusha mota ya mtetemo, na wewe kwa desturi unainua mkono, skrini inawaka kwa mwanga unaotosha kushinda jua la mchana. Jumbe 200 kwa siku ni kitu cha kawaida kwa mwalimu mwenye vikundi kumi. Skrini ikiwaka sekunde 15 kila mara, hizo ni dakika 50 za mwanga mkali ambazo mwezi uliopita hazikuwepo.

Tena WhatsApp ina programu yake ya kukaa kwenye saa za Wear OS, mfumo wa Google wa saa janja, tangu 2023, na saa yako ni ya mfumo huo. Kama uliikubali wakati wa kupanga simu mpya, saa sasa ni kifaa kilichounganishwa na akaunti yako, inavuta ujumbe yenyewe, juu ya zile taarifa zinazotoka kwenye simu. Kazi moja inafanywa mara mbili. Iondoe kwenye saa, ubaki na taarifa za simu tu.

Kisha fungua Galaxy Wearable kwenye simu, sehemu ya taarifa, upitie orodha. Usizime zote, saa itakuwa haina maana. Acha simu zinazopigwa, ujumbe mfupi wa kawaida ambao ndimo M-Pesa na benki hukufikia, na WhatsApp baada ya kunyamazisha vikundi ndani ya WhatsApp yenyewe. Facebook, TikTok, michezo, maduka, programu za habari, hizo zote zima. Usizionee huruma, zitakusubiri kwenye simu.

Sehemu ya betri kwenye mipangilio ya saa itakuonyesha pia nani amekula nini tangu ulipochaji mara ya mwisho. Itazame jioni, si asubuhi, ili kuwe na matumizi ya kupima. Ukikuta programu moja uliyoipakua mwenyewe imekaa juu kabisa, ifute leo. Ukikuta huduma za Google Play ndizo ziko juu usihangaike kutaka kuzifuta. Hizo ni mlango ambao programu nyingine hupitia kuomba mahali ulipo au kuoanisha data, na mwombaji mara nyingi yuko kwenye orodha hiyo hiyo, chini kidogo.

Uso wa saa nao utazame. Ukiwa umepakua uso wenye mshale wa sekunde unaoteleza, hali ya hewa na picha inayosogea, rudi kwenye wa Samsung wenye mandhari nyeusi. Skrini hii ni AMOLED, nukta nyeusi hazitoi mwanga kabisa. Ile hali ya skrini kubaki imewaka muda wote izime kwa wiki hizi za uchunguzi. Kuamsha saa kwa sauti izime pia: maikrofoni inayosubiri kuitwa darasani kwenye wanafunzi arobaini haipati usingizi.

Mapigo ya moyo sikushauri uyazime, maana una sababu ya kuyapima. Samsung Health inakupa ngazi tatu: kupima mfululizo, kupima kila baada ya dakika kumi ukiwa umetulia, na kupima kwa mkono tu. Weka ya katikati. Ukianza matembezi ya jioni na ukaiambia saa kwamba unafanya mazoezi, itapima mfululizo kwa muda huo wa matembezi bila kujali ulichochagua, na huo ndio muda unaouhitaji. Kama daktari amekuagiza rekodi ya mfululizo, fuata la daktari na ukubali kuchaji mchana. Kipimo cha msongo wa mawazo weka cha mkono. Oksijeni ya usingizini izime ikiwa huitazami kamwe, inawasha taa nyekundu usiku mzima kwa ajili ya takwimu usizosoma.

Sensa zenyewe zisafishe. Vumbi la chaki, mafuta ya mwili na chumvi ya jasho hujenga utando mgongoni mwa saa. Ukilegeza mkanda juu yake, sensa inapata ishara dhaifu, saa inashindwa kujua kama imevaliwa, inajifunga, inaomba namba ya siri, inaanza upya. Kitambaa laini chenye maji matamu kidogo kinatosha. Mkanda ukae juu kidogo ya kifundo, usisogee ukitikisa mkono.

Fanya hayo yote kwa siku tatu kabla ya kuhukumu. Yasiposaidia, au kama kile kipimo cha pili cha usiku kilionyesha programu imekwama, ndipo uifute saa irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kabla ya hapo fungua Samsung Health kwenye simu ivute rekodi zako, hakikisha akaunti imeoanishwa, na hifadhi nakala ya saa kupitia Galaxy Wearable. Ukiiunganisha tena, ianze kama mpya, usirudishe nakala yote mara moja, maana unaweza kurudisha na mdudu wake. Programu rudisha moja moja, siku tofauti, ukianza na unayoihitaji zaidi. Siku chaji ikianza kukimbia tena utajua nani ameingia jana yake.

Nikadirie utafika wapi: hutapata tena masaa 36. Betri ni ileile iliyochoka. Ukipata kati ya masaa 22 na 28 huku mapigo yanapimwa, saa iko sawa, na fundi hana kazi hapo. Kuhusu namna ya kuitunza betri ibaki hapo ilipo, adui wake mkubwa ni joto. Ndani ya betri ya lithiamu utando mwembamba hukua kwenye elektrodi kila inapochajiwa, ukila lithiamu iliyopaswa kubeba umeme, na joto huharakisha ukuaji huo. Usiichaji dirishani juani, usiiache juu ya dashibodi ya gari, na hiyo njia ya kuichaji kwa kuilaza mgongoni mwa simu iache kwa dharura, kwa sababu simu na saa vyote viwili hupata moto.

Sasa upande wa pili. Kama chaji inaporomoka ghafla na kuzima kama nilivyoeleza, au saa iliyozimwa inapoteza chaji usiku, au baada ya kufutwa yote bado haivuki masaa kumi ikiwa imetulia, basi fundi alikuwa sahihi na elfu themanini ni fedha ya haki ikilinganishwa na saa mpya. Na kama mgongo wa saa umeanza kuachia, au skrini imeinuka upande mmoja, usipime chochote. Betri imevimba. Izime, usiibonyeze irudi, usiichaji hata mara moja, mpelekee fundi hivyo hivyo. Betri ya zamani ibaki kwake, isirudi nyumbani kwenye droo ya watoto.

Ukimpelekea, mpe namba ya modeli, usimwambie tu ni Samsung kubwa. Watch4 ya milimita 40 inatumia betri ya mAh 247, yako ni 361, nazo hazibadilishani. Mwambie akuonyeshe betri kabla ya kuifunga. Ikiwa imeandikwa mAh 500 au 600, ikatae, kwa nafasi ile ile ya ndani hakuna betri ya kweli ya ukubwa huo. Aliyechapisha namba ya uongo kwenye ganda hana sababu ya kuwa mkweli ndani yake. Muulize ataweka mpira au gundi gani ya kuzuia maji, na jibu lolote atakalokupa, baharini usiingie nayo tena na wakati wa kuoga ivue. Kabla hujaondoka dukani kwake pima mapigo ya moyo palepale, ili kama ule utepe umeguswa ijulikane mbele yake. Usiku wa kwanza rudia kipimo cha hali ya ndegeni, na ikishuka zaidi ya asilimia tano au sita mrudishie asubuhi yake, kabla siku za dhamana alizokupa hazijaisha.